Medali haimo kwenye DD 214? Anza na karatasi, barua baadaye

Kama ulitumikia jeshi la Marekani ukarudi nyumbani Tanga, au aliyetumikia ni mumeo, kaka yako au mwanao, na kwenye fomu ya DD 214, karatasi anayopewa mwanajeshi anapoachishwa, medali aliyoipata haikuandikwa, haya ni yako. Nimekaa na familia kadhaa hapa Ngamiani tukijaza fomu hizi, tukitafuta karatasi na kungoja majibu. Wengi huanza na barua ndefu ya uchungu: nilipigana, niliumia, nimesahauliwa. Uchungu huo ni wa haki kabisa. Lakini anayeipokea hiyo barua hana ruhusa ya kuandika medali kwa sababu imemgusa. Anataka karatasi iliyoandikwa siku zile, na mtu aliyekuwa na mamlaka siku zile.

Wasiojua huuliza vijana wetu walifikaje huko. Wapo waliopata green card kwa bahati nasibu wakajiunga. Wapo walioingia kwa mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2009 ukasimamishwa 2016, uliowachukua wageni wenye ujuzi wa udaktari au wa lugha zilizotakiwa, na Kiswahili kilikuwemo. Na sisi medali tunazijua. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wazee wa vita vya Kagera huzivaa kifuani na hakuna anayewauliza za nini. Kijana aliyekwenda Iraki au Afghanistan naye alitumika, na karatasi yake iseme hivyo.

Sasa tazama DD 214 yenyewe. Medali, nishani na beji zote huandikwa kisanduku cha 13. Hakikisha unasoma nakala ndefu, ile inayoonyesha pia sababu na hadhi ya kuachishwa, maana nakala fupi imefichwa baadhi ya mambo na ofisi nyingi huikataa. Ujue pia kwamba kwa kawaida DD 214 haiandikwi upya. Ukikubaliwa utaletewa fomu nyingine, DD 215, inayosema kisanduku fulani kisomeke hivi. Watu hudhani wamedanganywa wanapopokea kijikaratasi hicho. Hawakudanganywa. Kitunze pamoja na DD 214, usivitenganishe, na kila unapotoa kopi toa zote mbili.

Kabla ya kujaza chochote, jiulize medali unayoidai ni ya namna gani, kwa sababu ushahidi wake unatokana na hapo. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ninapowaomba wanaoanza wasiharakishe.

Ziko zinazotolewa kwa kuwa jeshini wakati fulani tu. Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa, kwa mfano, ilitolewa kwa waliokuwa kazini kati ya tarehe 11 Septemba 2001 na 31 Desemba 2022. Hiyo DD 214 yenyewe inaithibitisha kwa tarehe zake, na kuiongeza ni kazi nyepesi. Ziko za mahali. Medali ya Kampeni ya Iraki na ile ya Afghanistan zinataka uwe umekaa eneo la vita siku 30 mfululizo au siku 60 za kukatika katika, ingawa aliyepigana ana kwa ana na adui au aliyejeruhiwa akaondolewa hadaiwi siku hizo. Hapa ushahidi ni amri ya kupelekwa huko. Ikiwa imepotea, tafuta hati za mshahara za miezi ile. Kwenye mstari wa posho utaona malipo ya hatari yanayofika dola 225 kwa mwezi, na kodi iliyosamehewa kwa sababu ya kuwa eneo la vita. Hati hizo watu huzitupa wakiona ni za mshahara tu, kumbe zinataja mwezi na malipo ambayo hayatolewi kwa aliyekaa kambini Texas.

Halafu ziko zinazotoka kwa uamuzi wa kamanda: ya kupongezwa, ya mafanikio, hata ile ya tabia njema, ambayo wengi hufikiri huja yenyewe baada ya miaka mitatu. Haiji yenyewe, lazima amri itolewe. Kwa medali za kupongezwa na za mafanikio katika jeshi la nchi kavu, fomu inayobeba safari nzima, toka pendekezo hadi uamuzi, ni DA 638. Mama mmoja aliniletea ya mwanawe ikiwa imekunjwa ndani ya Kurani, karatasi safi, sifa za kijana zimeandikwa vizuri, mkuu wake wa kwanza ametia saini. Nikamwonyesha ukurasa wa mwisho: mahali pa mwenye mamlaka ya kuidhinisha palikuwa patupu, na pa namba ya amri pia. "Shikamoo mama," nilimwambia, "hapa kijana amependekezwa, lakini bado hajapewa." Ilibidi tuanze kutafuta nakala iliyokamilika. Kwa hiyo ukishika DA 638, nenda kwanza mwisho wake. Pakiwa na saini ya uamuzi, tarehe na namba ya amri, basi medali ipo, kilichokosekana ni karani kuiandika. Pakiwa patupu, una pendekezo tu, na hiyo ni njia nyingine, ndefu: pendekezo lililochelewa hupitia kwa mbunge wa Bunge la Marekani.

Karatasi zisipokuwepo nyumbani, ziombe. Fomu SF 180, ya kuomba kumbukumbu za kijeshi, huenda Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, St. Louis. Mwanajeshi mwenyewe halipi chochote kwa jalada lake, kwa hiyo mtu akikudai hela ili "akufungulie faili Marekani", mwache. Andika unaomba jalada zima pamoja na amri za medali, maana ukiomba DD 214 utaletewa DD 214. Na ukisikia mafaili yaliungua, uliza ya miaka gani. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, lakini ni ya jeshi la nchi kavu kwa walioachishwa kabla ya 1960, na sehemu ya jeshi la anga kabla ya 1964. Aliyetumikia juzi hapo hayamhusu.

Jambo linalotukwamisha sisi kuliko wengine ni majina. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu. Marekani jina la mwisho hufanywa la ukoo, la katikati hubaki herufi moja, na pengine Mwinyi huandikwa sehemu mbili au Khamis hupoteza "h". Kwenye fomu andika jina kama lilivyokuwa jeshini, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Tofauti ieleze kwa hati ya kiapo ya wakili, uiambatanishe. Usirekebishe jina na medali katika ombi moja. Nimeona maombi yakirudi kwa sababu karani hakujua yanahusu mtu mmoja au wawili.

Ukishakuwa na amri mkononi, pita njia ndogo kwanza: omba jeshi lenyewe litoe DD 215. Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, inayoombwa kwa fomu DD 149, ni ya pale njia ndogo iliposhindikana, na itakuuliza kama uliipita. Sheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ukichelewa bado bodi inaweza kukusikiliza kwa ajili ya haki, basi eleza sababu ya kuchelewa waziwazi, kwa sentensi chache. Bodi huanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu ni sahihi, na mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Barua za mashahidi husaidia zikiwa na vitu vya kushikika: kikosi, mahali, mwezi, aliyeandika alikuwa wapi aliposhuhudia. Barua inayosema "alikuwa askari hodari" haina kazi. Kwa Purple Heart, ya waliojeruhiwa na adui, jeraha peke yake halitoshi. Lazima ionekane lilitokana na adui na lilitibiwa na watu wa tiba, kwa hiyo kumbukumbu za hospitali ya uwanja wa vita ni muhimu kuliko barua kumi. Usiiache kwa kuona ni heshima tu. Mwenye Purple Heart huongezewa alama 10 anapoomba kazi za serikali ya shirikisho, na tangu Agosti 2018 hupata kiwango kamili cha msaada wa masomo wa baada ya 9/11.

Mwanajeshi akiwa amefariki, familia inaweza kuendelea. St. Louis hupokea ombi la mjane au mgane ambaye hajaolewa wala kuoa tena, mtoto, mzazi, kaka au dada, pamoja na uthibitisho wa kifo. Tafuta cheti cha kifo cha RITA mapema, na jina lililomo lifanane na la jeshini, au hati ya kiapo iwe tayari.

Usitume karatasi halisi hata moja. Skani kila ukurasa, hata wa nyuma ulio mtupu ikiwa una muhuri, tuma kopi kwa EMS ya Posta na utunze risiti. Andika barua pepe ambayo itakuwa hai mwaka ujao, si ya intaneti kafe ya mtu. Na ombi likikataliwa, soma sababu mpaka mwisho: mara nyingi wametaja karatasi ileile waliyoikosa, na ukiipata, unaruhusiwa kuomba upya ukiwa na ushahidi huo mpya.