Nikikanyaga breki usiku, taa ya kushoto inazimika

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109 Series III ya 1976. Usiku nikikanyaga breki, taa ya nyuma ya kushoto inazimika kabisa. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, nikikanyaga inawaka hafifu tu. Ya kulia haina tatizo. Balbu na swichi ya breki nimeshabadilisha. Fundi anataka kung'oa waya zote aweke mpya. Nimruhusu? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimruhusu. Hapo kilichokatika ni ethi ya taa ya kushoto, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi.

Balbu ile ina nyuzi mbili: ya wati 5 ya taa ndogo inayowaka usiku na ya wati 21 ya breki. Zote mbili hurudisha umeme kupitia ganda la chuma la balbu. Ganda likikosa ethi, umeme wa taa ndogo hupenya kwenye uzi wa breki, hufuata waya wa breki mpaka taa ya kulia, na huko ndiko hupata ethi. Kwa hiyo usiku unaiona inawaka, ukadhani ni nzima. Ukikanyaga breki, volti 12 zinaingia kwenye waya huo wa breki pia. Umeme hauna tena pa kwenda, taa inakufa.

Hakikisha kwa mita ya kupima volti. Washa swichi ya funguo, ncha moja gusisha ganda la balbu, nyingine kwenye hasi ya betri, mtu akanyage breki. Mita isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu.

Bodi ya gari hilo ni aluminiamu, chasisi ni chuma, na maji yakiingia katikati aluminiamu inalika. Fuata waya mweusi wa taa, sugua viungio vyake kwa msasa, kaza, paka grisi. Ikigoma, vuta waya mpya mweusi kutoka taa hadi kwenye chasisi iliyosuguliwa ikang'aa.

Waya za zamani zinaniuma sana zikitupwa. Kijani wenye mstari wa zambarau ni breki, nyekundu ni taa ndogo, mweusi ni ethi. Fundi yeyote anayezijua anasoma gari zima bila kuuliza. Akiweka rola moja ya waya wa rangi moja, atakayekuja baadaye atapapasa gizani.

Mpaka ethi irudi, usiendeshe usiku. Dereva wa lori nyuma yako huenda asione kwamba unasimama.