Gede, Arabuko-Sokoke na Mida kwa siku moja: kwanza uliza maji

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka kujua kama anaweza kumtembeza mama yake mzazi, mwenye miaka 67 na magoti yanayomsumbua, kwenye magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke na pwani ya Watamu kwa siku moja. Anaweza. Njia zote hizo ni tambarare, hakuna kilima cha kumtoa mtu jasho, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi wa tuktuk.

Aliuliza pia waanzie wapi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu hufungua ramani. Huanza Gede kwa sababu ndiyo yenye jina, huingia msituni saa nne jua likiwa limeshawaka na ndege wamenyamaza, halafu hufika ufuoni saa tisa wakakuta bahari imejaa mpaka kwenye mwamba na hapana pa kuweka mguu. Siku inaharibika, na si umbali uliowachosha.

Mpangilio wa siku hutolewa na maji. Pwani ya Kenya ina utaratibu wake, na ukiushika hutahangaika tena. Wakati wa bamvu, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Wakati wa maji mafu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu, mambo hugeuka: bahari hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, tena haipwi sana. Kati ya hapo, kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mvuvi yeyote atakwambia bila kuangalia karatasi. Ukitumia jedwali la maji, soma saa pamoja na kimo. Maji yakishuka chini ya mita 0.6 utapata ufuo mpana wenye mchanga mgumu. Yakiishia mita 1.3 utatembea kwenye ukanda mwembamba wa mchanga tifutifu, na mchanga wa namna hiyo ndio adui mkubwa wa magoti, kuliko ngazi. Angalizo moja: jedwali huandikwa kwa saa za kizungu. 10:00 ni saa nne, si saa kumi.

Basi siku ya bamvu ipange hivi: msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufuoni saa tatu na nusu, Gede saa sita mchana, na Mida, lile hori (mkono wa bahari) lenye mikoko karibu na Watamu, saa nane. Siku ya maji mafu, Mida iwe saa mbili asubuhi, Gede mchana, ufuo saa kumi, na msitu uachie alfajiri ya siku nyingine. Usijaribu kuubana.

Najua kupanga Gede saa sita mchana kutawashangaza wengi. Lakini mji ule umefunikwa na miti mikubwa, na kivuli chake ndicho kizuri kuliko vyote katika matembezi haya. Jua la saa sita hupenya kidogo tu na kuziangaza kuta za matumbawe, hata ukaona alama za mikono ya mafundi kwenye chokaa. Ubaya wake ni mbu, maana upepo hauingii. Paka dawa miguuni kabla ya kuvuka lango, usingoje mpaka uumwe.

Ndani, anzia kwenye kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Nenda Msikiti Mkuu, utazame juu ya tao la mlango uone mkuki uliochongwa, kisha kisima kilicho pembeni, ambacho kiliongezwa kina maji yalipopungua. Malizia kwenye jumba la mfalme na nyumba zilizo nyuma yake. Nyumba hizo zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake wakati wa uchimbaji ulioanza mwaka 1948 chini ya James Kirkman: mkasi, kauri, bakuli la kaure. Ukizungumza na mama yako juu ya nani alikuwa akitumia mkasi ule, saa nzima itapita bila kuhisi. Tangu 2024 Gede imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukiwa na mtu mzima, tenga saa moja na nusu. Hatari ni mizizi inayotambaa juu ya ardhi na vizingiti vya mawe vya milango. Mtu hujikwaa akiwa anatazama juu. Simama kwanza, ndipo utazame.

Usikalie kuta. Usipande kaburi kwa ajili ya picha. Chokaa iliyodumu zaidi ya miaka 500 huporomoka kwa mtu mmoja aliyeegemea vibaya, na hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Na wale kima, tafadhali, msiwape ndizi. Kima aliyezoea kulishwa hunyang'anya mfuko wa mtoto, akiuma analaumiwa yeye, na aliyemharibu ameshapanda gari kwenda zake. Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu.

Arabuko-Sokoke ingia kwa kituo cha msitu cha Gede kilicho kwenye barabara kuu ya Mombasa–Malindi, na uingie na kiongozi wa msitu. Usione ni hiari: mna ndovu na nyati mle, na kichaka kizito hukuficha wewe na yeye mpaka mmekaribiana mno. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, lakini wewe unahitaji kilomita mbili tu, kwenda moja na kurudi moja, katika msitu mchanganyiko ulio karibu na kituo. Ukitaka miti ya mrihi yenye mchanga mweupe, au vichaka vya udongo mwekundu anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, hiyo ni safari ya gari, na udongo mwekundu mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu kwa sababu ya upupu.

Kumwona sange wa matako ya dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, tumia masikio. Simama, nyamazeni wote kwa dakika tano kamili, msikilize majani makavu. Ndege akichakura majani hufanya kelele za vipindi vipindi. Sange huchimba kwa pua, mfululizo, kisha kimya. Ukisogeza mguu tu, atapiga mkia chini na kuruka, na utakachoambulia ni kile kiraka cha manjano nyuma yake kikipotea. Watu wanaozungumza njia nzima hutoka wakisema msitu hauna kitu.

Ufuo sina mengi. Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968, kwa hiyo makombe na matumbawe hubaki yalipo hata kama yamekufa. Vaa viatu vya zamani vilivyofunika vidole, tembea kwenye mchanga uliolowa, na geuka kurudi mara tu maji yanapoanza kupanda. Chini ya mwamba hakuna njia ya kutokea, na bamvu huja mbio.

Mida ndiyo iwe ya mwisho siku ya bamvu. Daraja la kuning'inia la mbao hupita juu ya mikoko, na utaitambua miti kwa mizizi yake: mkoko una miguu iliyopinda kama buibui, mchu unasimamisha vipumuo kama penseli, muia una magoti yaliyokunjwa. Daraja hutikisika. Mama apite akiwa na mikono yote miwili huru, begi lake libebwe na mwingine, na anayemfuata asiingie mpaka mitikisiko itulie. Kiingilio hapo kinakwenda kwenye mpango unaowalipia karo ya sekondari watoto wanaoishi kando ya msitu na hori, kwa hiyo lipa kwa moyo mweupe.

Mwisho wa daraja kuna kibanda cha kutazamia ndege. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Ukifika maji yakiwa yamekauka, ndege wako mbali, nukta tu kwenye tope. Ukichelewa, tope limezama na wameondoka. Katikati hapo, maji yanapopanda, huwasukuma hatua kwa hatua kuelekea kibandani. Kati ya Septemba na Machi utawaona ndege walao kaa, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wakirudi nyuma kwa makundi mbele ya ukingo wa maji. Mtafutie mama nafasi ya kukaa, umpe chupa ya maji, na muache akae mpaka tope lote lifunikwe. Mwenye tuktuk mwambie saa kumi na nusu.