Nilikuwa naona haya kula maharage

Juzi nimetumiwa ujumbe na msomaji. Nimeusoma mara nne, na mara zote nne umenichoma. "Dada, kula vizuri ni kwa wenye hela. Wewe unaandika ukiwa umeshiba." Simtaji, wala sina kinyongo naye. Sawa, ninacho kidogo.

Ukiwa umeshiba! Laiti angenijua mwaka ule ambao chai ya rangi na mkate mweupe ndivyo vilikuwa kifungua kinywa, chakula cha mchana na, siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, chakula cha usiku. Nilikuwa nikipanda ngazi napumzika katikati kama bibi kizee. Kucha zinavunjika. Nikiinama kuokota kitu, nikiinuka dunia inazunguka. Nikajiambia ni uchovu wa kazi.

Nilipopimwa, muuguzi akaangalia karatasi, akaniangalia mimi: "Damu yako iko chini. Unakula nini?" Nikadanganya. Nikamtajia mboga, matunda, samaki, nikapamba mpaka mwenyewe nikaanza kuamini. Aliandika vidonge vya madini ya chuma, na nilipofika mlangoni akanambia, bila kuinua kichwa: "Na hiyo chai, usiinywe pamoja na chakula." Sikuwa nimetaja chai hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Usiku huo nikachukua daftari nikaanza kuandika kila kinachotoka mfukoni kwa ajili ya tumbo. Wiki tatu. Sitawachosha na hesabu. Kwa kifupi, hela ilikuwepo. Kidogo, lakini ilikuwepo, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye vitu vinavyoonekana na watu: nyama ya Ijumaa, soda za wageni, biskuti za kwenye kabati la kioo ambazo hata wageni hawakuzigusa. Kilichokuwa kikinilisha vibaya hakikuwa umaskini peke yake. Ilikuwa kuona haya.

Nieleze. Nilipokuwa mtoto, maharage yakibandikwa jikoni siku tatu mfululizo tulijua hela imekwisha. Mama hakusema neno, sufuria ndiyo iliyosema. Nikakua na kiapo moyoni kwamba nikianza kujitegemea, kwangu hayatapikwa. Nikakitimiza kiapo, damu ikashuka.

Basi, baada ya yule muuguzi nikajilazimisha. Wiki ya kwanza tu, wifi yangu akaja bila taarifa, akaingia moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria. "He! Kumbe mmefika huku?" Akacheka. Sikumjibu. Nikachukua hela ya wiki nzima, nikatoka kwenda kununua nyama, nikampikia, akala, akasifia, akaondoka. Siku nne zilizofuata nilirudi kwenye chai na mkate. Miaka imepita na bado kile kicheko nakisikia nikifunua sufuria.

Kama una mtu wa namna hiyo, nisikilize mimi: usipike kwa ajili ya macho yake. Yeye haishi na damu yako.

Sasa nikiri na lingine, maana hata hayo maharage nilikuwa siyajui. Siku moja nikataka kubana matumizi ya moto. Nikachukua maharage mekundu ambayo hayakulowekwa, nikayachemsha kidogo, yalipoanza kulainika nje nikaepua, nikachanganya na wali. Hazikupita saa tatu, nyumba nzima tunapokezana chooni. Nilidhani tumerogwa! Kumbe maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na hata punje nne au tano zisizoiva zinatosha kukutapisha. Kuyapika kwa moto mdogo tu hakuiondoi. Tangu siku ile nayaloweka usiku kucha (muda wa saa tano ndio kiwango cha chini), maji ya kulowekea namwaga, naweka mapya, nayaacha yachemke kwa fujo nusu saa nzima, ndipo napunguza moto yaive taratibu. Na ukiyaloweka yanaiva upesi, kwa hiyo huo moto niliokuwa nikiubania nimeuokoa kwa njia ya halali.

Jumamosi jioni ndiyo siku yangu. Nayamwaga kwenye sinia, nasukuma punje upande huu kwa vidole viwili, nasikiliza. Kijiwe kikigusa sinia kina mlio wake, mkali kuliko wa punje. Zilizonyauka natoa. Kikombe kimoja kikavu kikiiva kinakuwa vikombe karibu vitatu, kwa hiyo napika chungu kizima, nagawa kwenye vyombo vidogo. Cha kula ndani ya siku tatu kinakaa kwenye friji, kilichobaki nagandisha. Siku ya Jumatano nikirudi nimechoka, chakula kipo. Hapo ndipo mahali pa kuokoa hela, ndugu yangu. Usiku wa uchovu ndio unaotupeleka kununua vya kukaanga njiani.

Halafu limau. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani mwili huyapokea kwa shida, tofauti na ya nyama, lakini ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama limau, chungwa, nyanya au pilipili hoho, unapokea zaidi. Chai inafanya kinyume chake, inazuia. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nikila kidogo kisha nakifungia mlango hicho hicho kidogo! Siku hizi chai yangu nainywa saa moja au mbili baada ya kula, na nimezoea, ingawa wiki za mwanzo niliwachukia watu wote.

Mboga za majani zilinitesa kwa namna nyingine. Mtu akishaamua "kubadilika" anabeba mafungu sokoni kama ana hoteli. Mimi nilibeba. Siku ya tano nafungua friji, mchicha umekuwa uji wa kijani chini ya mfuko. Nimetupa mboga nyingi kuliko nilizokula mwezi ule, na kutupa mboga ni kutupa hela. Si mimi peke yangu: Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza zaidi ya tani bilioni moja za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Sasa nanunua majani ya siku mbili tu, siku zinazofuata ni kabichi na karoti, ambazo hazina haraka ya kuoza. Napika kwa maji machache, na maji hayo simwagi. Kijiko cha mafuta naweka, maana vitamini A ya kwenye majani na karoti inahitaji mafuta ili iingie mwilini.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi havimo kwenye hesabu hiyo. Nilipolijua hilo la viazi nilinyamaza kimya. Kwa miaka mingi chipsi ndizo zilikuwa mboga yangu.

Msije mkasema nauza miujiza. Vidonge vya yule muuguzi ndivyo vilivyonitoa shimoni. Maharage na limau vimenizuia kurudi. Na wapo wasio na hata hiyo hela ya maharage, hao siwezi kuwahubiria. Nazungumza na wewe uliyenitumia ujumbe kwa simu yako nzuri, unayenunua soda kila mchana halafu unasema mboga ni ghali. Anza na daftari. Wiki tatu. Andika na soda.

Mwezi uliopita nilipimwa tena. Damu iko sawa, ngazi napanda bila kusimama. Wifi yangu naye alikuja wiki hiyo hiyo, tena bila taarifa kama kawaida yake. Akafunua sufuria. Sikutoka kwenda kununua nyama. Nilimpakulia, nikamkamulia limau, akala kimya, akaongeza. Wakati wa kuondoka akaomba afungiwe kidogo, eti kwa ajili ya watoto. Nikamtilia kwenye chombo changu cha bluu, kile chenye mfuniko usiovuja. Mpaka leo hajakirudisha.