Sikio la mbwa wako linauma kiasi gani?

Popi wangu, mwenye masikio marefu yaliyolala, ameugua sikio mara tatu. Mara mbili za kwanza uchafu ulimwagika mpaka shavuni, nikashtuka, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mara ya tatu uchafu ulikuwa kidogo tu, nikamtia matone yaliyobaki nyumbani. Siku ya nne akaanza kuyumba akipanda ngazi, kichwa kimelala upande wa kushoto. Ugonjwa ulikuwa umeshafika sikio la ndani.

Ndiyo maana nasema wingi wa uchafu usikudanganye. Njia ya sikio la mbwa hushuka kwanza, kisha hukata kona kuingia ndani. Unachokiona ni mlango tu.

Akijikuna na kutikisa kichwa, ngozi ikiwa nyekundu kidogo lakini anakula na anakubali kushikwa, mpeleke kwa daktari ndani ya siku mbili tatu. Akilia ukimgusa, sikio likinuka au kutoa usaha, nenda kesho yake. Rangi husaidia kukisia: chenga nyeusi kama kahawa iliyosagwa mara nyingi ni utitiri, hasa kwa watoto wa mbwa, mafuta ya kahawia yenye harufu ya kuchacha ni fangasi, usaha wa njano au kijani ni bakteria. Lakini ni kukisia tu, jibu hutoka kwenye hadubini. Jani la sikio likivimba kama mto mdogo, ni damu iliyovuja ndani kwa kutikisa kichwa sana. Hilo nalo lisisubiri.

Kichwa kikiinama upande, akizunguka au kuyumba, macho yakichezacheza, uso ukilegea upande mmoja, au akilia anapofungua mdomo, nenda siku hiyo hiyo, hata kama sikio ni safi.

Na matone ya kabatini yaache, naomba sana. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa hupenya na zinaweza kumfanya kiziwi. Daktari achungulie kwanza. Vijiti vya pamba pia huusukuma uchafu chini zaidi.

Siku hizi kila Jumapili nayanusa masikio yote mawili. Popi anakimbia na kula vizuri, ila kichwa chake bado kimeinama kidogo kushoto, na daktari amesema huenda kikabaki hivyo.