Chapati, ugali na mseto kwa mwenye kisukari: kipimo kwanza, unga baadaye

Mtu akishaambiwa ana kisukari, kitu cha kwanza kubadilishwa nyumbani ni unga. Sembe inatoka, dona inaingia, bonge la ugali linabaki lile lile, na mashine ya kupimia sukari inaendelea kusoma juu. Hapo dona inalaumiwa bure. Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe umekobolewa au haujakobolewa, zina wanga wa gramu 70 hadi 80. Dona inazidi kwa nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi huchelewesha sukari kupanda, lakini hazifuti wanga uliokwisha kula.

Kwa hiyo anza na kipimo, na upime unga ukiwa mkavu, kwa sababu ugali ukishaiva uzito wake unategemea maji. Gramu 60 za unga wa mahindi hutoa wanga wa gramu 45 hivi, kiasi kizuri cha kuanzia kwa mlo mmoja wa mtu mzima. Daktari au mtaalamu wa lishe atakipandisha au kukishusha kulingana na mwili na dawa. Mtu aliyezoea ugali wa kushiba humaliza unga wa gramu 150 na zaidi kwa mkao mmoja bila kujijua.

Ukipikia familia nzima, huna haja ya sufuria mbili. Pima unga wote kabla ya kupika, kisha pima ugali ulioiva. Kama unga ulikuwa gramu 600 na ugali umetoka kilo 1.8, sehemu ya mwenye kisukari ni moja ya kumi, yaani gramu 180. Mpakulie kwenye sahani yake mwenyewe. Kula kutoka sinia moja kuna raha yake, ila hakuna anayejua amekula tonge ngapi.

Dona ina tabia mbili za kuzijua. Huchelewa kuiva, hivyo koroga unga kidogo kwenye maji baridi, umimine kwenye maji yanayochemka, uache uji utokote dakika 5 kabla ya kuongeza unga na kusonga. Ukimaliza kusonga, punguza moto, funika, subiri dakika 5 nyingine. Usipofanya hivyo unapata chengachenga zenye ladha ya ubichi. Tabia ya pili ni kuharibika upesi, kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta. Saga kiasi cha wiki mbili tatu tu. Unga ukianza kuwa mchungu au kunuka mafuta yaliyokaa, umeharibika.

Unga wa muhogo hauna nafuu yoyote hapa. Ni wanga karibu mtupu. Na uji, hata wa ulezi, ndio unaowaponza wengi: nafaka imesagwa laini, imeiva sana, inanyweka bila kutafunwa, mara nyingi na sukari juu. Mwenye kisukari ambaye sukari yake inaruka asubuhi, mimi ningetazama bakuli la uji kabla ya kitu kingine.

Sasa chapati, ambayo watu huambiwa waiache kabisa. Haina sababu ya kuachwa. Chukua unga wa atta gramu 250, unga wa dengu gramu 50, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kikubwa kimoja, na maji ya vuguvugu mililita 190 hadi 210. Sukari usiweke. Soma pakiti ya atta kwanza: ngano isiyokobolewa huwa na nyuzinyuzi za gramu 10 au zaidi katika gramu 100, nyeupe huwa na 3 hivi. Ikiwa imeandikwa 4, umenunua unga mweupe wenye rangi nzuri.

Unga wa dengu uchekeche, kisha uukaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika 3, ukigeuzageuza, mpaka harufu ibadilike. Ukiruka hatua hii chapati itakuwa na uchungu wa dengu mbichi, na watoto watajua. Uache upoe, uchanganye na atta na chumvi, utie mafuta, kisha maji kidogo kidogo. Kanda mpaka donge linate mkononi kidogo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuongeza unga ili lisinate. Pumba za atta hunywa maji taratibu, na unga unaonata sasa utakuwa sawa baada ya kupumzika. Funika kwa kitambaa kibichi dakika 30, kanda tena dakika 3, gawa madonge 8 ya gramu 65 hivi. Kila chapati itakuwa na wanga wa gramu 26 hivi. Unga ule ule ukigawa madonge 4, kama wanavyopenda wanaouza chapati nene, kila moja inafika 52, na hapo mlo umejaa kabla ya maharage.

Sukuma kila donge, paka nusu kijiko cha chai cha mafuta, viringisha, zungusha, acha dakika 10, sukuma tena upana wa sentimita 18. Chuma kiwe cha moto kweli. Choma kavu pande zote mbili mpaka madoa yatokee, ndipo upake nusu kijiko kingine cha mafuta na kumalizia. Mafuta yenyewe hayapandishi sukari kama wanga, lakini yanaongeza uzito, na uzito huifanya insulini ya mwili ifanye kazi kwa shida.

Kingo zikipasuka wakati wa kusukuma, maji yalikuwa machache au unga haukupumzika. Chapati ikikatika ukiikunja, dengu imezidi. Ikipita robo ya unga wote, mnato wa ngano hautoshi kuishikilia. Ikikauka kama kigae, moto ulikuwa mdogo, ikakaa chumani muda mrefu. Zikitoka motoni zirundike na kuzifunika kwa kitambaa, mvuke wake wenyewe utazilainisha.

Kwa wali, msaada mkubwa umo kwenye mseto wa choroko. Kawaida mchele huwa mwingi na choroko za kunogesha. Geuza: choroko gramu 200, mchele gramu 100, kwa watu wanne. Choroko zina wanga pia, ila sehemu yake ni nyuzinyuzi na zinakuja na protini. Loweka choroko saa 3, zichemshe peke yake dakika 20 mpaka ziwe nusu mbivu, ndipo utie mchele, kitunguu, bizari na tui jepesi la mkamuo wa pili. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, mchele utakuwa uji choroko zikiwa bado ngumu. Usiupondeponde; punje zinazoonekana huchukua muda zaidi tumboni.

Kiporo cha wali uliopoa kwenye friji hupandisha sukari pole kidogo, kwa sababu sehemu ya wanga hugeuka na kuwa ngumu kumeng'enywa. Nafuu ni ndogo, haikupi ruhusa ya sahani ya pili. Na wali usilale mezani usiku kucha: una bakteria wanaostahimili kuchemshwa.

Kwenye sahani, nusu iwe mchicha, sukuma wiki, kabichi, bamia au kachumbari. Viazi mviringo ndani ya mchuzi na ndizi za kupika vihesabu upande wa wanga, hata kama vimezama kwenye nyama.

Chai tutaipita haraka. Kijiko cha chai cha sukari ni wanga wa gramu 4 hadi 5. Vijiko vitatu mara vikombe vitatu vya siku vinakaribia mlo mzima. Asali na sukari guru ni sukari vilevile. Iliki na tangawizi hufanya ukosefu wa sukari usisikike sana, hasa ukipunguza nusu kijiko kila wiki badala ya kuacha kwa siku moja. Mdalasini ni kiungo kizuri, si dawa ya kisukari.

Tahadhari moja nzito. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide asipunguze wanga kwa kishindo bila kuongea na daktari, maana dozi ile ile kwa chakula kidogo itashusha sukari yake mno na kumwangusha. Akitetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa, au mashine ikasoma chini ya 3.9 mmol/L, apewe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Mwenye tatizo la figo naye aulize kwanza kuhusu maharage, choroko na dona.

Kujua kama pishi limekukubali, pima kabla ya kula, kisha saa 2 tangu tonge la kwanza. Lengo la watu wazima wengi ni chini ya 10 mmol/L kwenye kipimo hicho cha pili. Rudia pishi lile lile kwa uzito ule ule siku nyingine, maana usingizi mbovu, homa au kutembea baada ya kula hubadilisha namba. Ikibaki juu, ondoa robo ya ugali au nusu chapati, mboga ziongezwe, upime tena.