Dar hadi Mwanza: tiketi inasema saa moja na nusu, wewe hesabu yako

Mwaka jana ma'mdogo alikuja Dar kwenye harusi. Siku ya kurudi Mwanza ilipokaribia nikamkatia tiketi ya ndege, nikamtumia kwa WhatsApp. Jioni akanipigia: "Nimeiona baba, saa sita. Basi kesho asubuhi napita kwanza Kariakoo nichukue vitenge."

Tiketi ilikuwa imeandikwa 06:00. Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi! Wakati yeye anabishana bei Kariakoo, wenzake wangekuwa wameshafika Mwanza na chai wameshakunywa.

Kwa hiyo kabla hujauliza safari ni ya muda gani, isome saa ya tiketi vizuri. Toa sita, na ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa tena kumi na mbili: 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Ikibaki sifuri, ni saa kumi na mbili.

Sasa umbali. Basi linazunguka Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Ndege inakata moja kwa moja, kama kilomita 850. Ya jeti inatumia karibu saa moja na nusu. Ile ya propela, yaani pangaboi, tuliyoicheka sana mitandaoni na bado tunaipanda, inakaribia saa mbili. Muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama kule, ndiyo maana rubani anaweza kutangaza muda mfupi zaidi: yeye anasema wa angani tu. Na kama inapitia Kilimanjaro kwanza, hesabu hiyo sahau.

Mimi naishi Mbezi, jirani na stendi ya Magufuli. Kwenye basi nafika kwa miguu, lakini uwanja wa ndege uko upande mwingine kabisa wa jiji. Nikiwa na ndege ya asubuhi naondoka nyumbani masaa matatu kabla haijaruka. Foleni siiamini, na kaunta ikishafungwa hakuna wa kumlilia. Halafu mwambie dereva mapema: safari ya ndani kama hii ni Terminal 2. Terminal 3 ni ya wanaokwenda nje, na nimeshaona mtu akikimbia na begi kichwani kwa kosa hilo. Ukitua Mwanza, uwanja uko Ilemela, kama kilomita kumi kutoka mjini. Mlango hadi mlango, mimi huhesabu saa tano na nusu hadi sita. Basi lingenila mchana kutwa na kipande cha usiku, kwa hiyo Mwanza napanda ndege bila kujiuliza.

Dodoma ni habari nyingine. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze mwaka 2024, sijakata tena tiketi ya ndege ya huko. Angani ni kama saa moja tu, lakini hiyo saa moja ina mkia mrefu. Zanzibar vilevile: ndege ni dakika ishirini, boti ni kama saa mbili, ila boti inaondokea mjini na kukushusha mjini.

Ma'mdogo nilimwamsha saa nane usiku, akanuna mpaka Ubungo. Ndege aliiwahi. Vitenge nilivinunua mwenyewe mchana ule, nikavipakia kwenye basi, vikamfikia kesho yake. Kimoja akasema siyo rangi aliyoitaka.