Kona ya Gemu: CD ninayo, gemu haichezeki

SWALI: Mambo vipi kaka, mi nina PS4, juzi nimenunua CD ya The Crew, ile gemu ya magari, kwa jamaa mmoja anayeuza CD za mtumba hapa Mwanza, bei poa kabisa, nimefika geto nimeiweka ikajipakia vizuri tu, kuingia sasa naambiwa imeshindwa kuunganisha na seva. Nimebadilisha laini, nimeongeza bando, nimezima ruta nikawasha tena, wapi. CD yenyewe haina hata mchubuko. Nimepigwa au ndo PS yangu inakufa? (Dereva, Mwanza)

JIBU: PS yako nzima dogo, acha kuichokonoa. Hiyo gemu ilishazimwa. Ubisoft, wale Wafaransa wenye Assassin's Creed, walifunga seva za The Crew, yaani zile kompyuta zao ambazo gemu inaongea nazo kwa intaneti, tarehe 31 Machi 2024, na kuiuza waliacha tangu Desemba 2023, kwa hiyo hata ukinunua bando la mwezi mzima utakwama hapo hapo.

Najua utasema mi sikutaka kushindana na mtu, nilitaka kuzurura na gari langu mwenyewe, seva ya nini? Ndo walivyoijenga bwana. Ilipotoka Desemba 2014 sifa yake kubwa ilikuwa ramani ya Marekani nzima iliyobanwa, unatoka New York hadi Los Angeles unakanyaga mafuta tu, na njiani unapishana na wachezaji wenzio walioko kwao huko. Sasa gemu inaongea na seva muda wote, hata kwenye misheni za peke yako, seva isipojibu basi haifunguki, haijalishi CD unayo au huna.

Wenyewe walisema tatizo ni miundombinu ya seva na leseni. Ya leseni naielewa, yale magari ni ya kampuni za kweli, Ford, Nissan na wengine, na mikataba ya namna hiyo ina mwisho. Ila hiyo ni sababu ya kuacha kuuza nakala mpya jamani, aliyeshalipa hela yake si angeachiwa aendeshe peke yake? Watu walichukia mno, 2024 hiyo hiyo Ross Scott, jamaa wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu, na 2025 saini za watu wa Ulaya wanaoiunga mkono zikavuka milioni 1. Kule California wachezaji wawili wakaenda mahakamani, Ubisoft wakajitetea kwamba mlichonunua ni ruhusa ya kuitumia, gemu si mali yenu. Halafu Oktoba 2025 hao hao wakaiwekea The Crew 2 namna ya kucheza bila intaneti! Kumbe inawezekana.

Aliyekuuzia inawezekana hata hajui, mrudie kistaarabu mbadilishane CD. Wenye kompyuta wana afadhali kidogo, kuna mashabiki walitengeneza The Crew Unlimited inayoifufua, ila kwa PS4 yako haikusaidii. Siku nyingine kabla hujatoa hela geuza kasha usome yale maandishi madogo ya nyuma, ukiona intaneti ni lazima mwambie muuzaji aiwashe pale pale mbele yako, uone inafika mpaka kwenye kuendesha, maana menyu tu haitoshi.

SWALI: Nataka nichukue hiyo The Crew 2 ila PS Plus sina na sina mpango wa kulipia, itakubali? (Mama Junior, Tanga)

JIBU: Itakubali dada, we endesha peke yako. PS Plus ni ya Sony, unalipia kucheza na wenzio mtandaoni, na hata hapo gemu za bure kama Fortnite na eFootball haziidai. Ila usiichomeke ukategemea iwe bila intaneti siku hiyo hiyo, iunganishe kwanza, ishushe masasisho yote, ndo utengeneze nakala yako ya kuchezea nje ya mtandao. Na ukiwa huko mashindano na watu sahau.